Ruzuku kwa miradi ya afya ya jamii Masasi na Newala

Ruzuku kwa miradi ya afya ya jamii ni fedha, vifaa au huduma ambazo mfadhili humpa kikundi, asasi au kituo cha afya ili kitekeleze kazi iliyokubaliwa, bila kudai kurudishiwa. Makala hii inaeleza jinsi ruzuku hizo zinavyotafutwa na kusimamiwa nchini Tanzania, hasa katika wilaya za Masasi na Newala, Mkoa wa Mtwara, ambako vikundi vingi vinavyoomba ni vidogo, viko mbali na Dar es Salaam na hufanya kazi katika kata kama Mkunya, kwenye nyanda za juu za Makonde.

Ruzuku hutofautiana na mkopo, kwa kuwa hairudishwi. Hutofautiana pia na sadaka, kwa kuwa huja na mkataba: kazi imetajwa, muda umewekwa, na kila shilingi hutolewa maelezo. Watu wengi huchanganya ruzuku na mikopo ya halmashauri. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo hazina riba lakini ni mkopo. Zilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 baada ya utaratibu kurekebishwa. Kikundi kinachotaka kufuga kuku kinaweza kukopa huko, lakini kinachotaka kuwatembelea wajawazito nyumbani hakina cha kuuza ili kirudishe deni, hivyo hulazimika kutafuta ruzuku.

Historia

Huduma za afya za kisasa katika eneo hili zilianza kwa fedha za wafadhili. Wamisionari Waanglikana wa UMCA, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, walianzisha kituo Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wabenedikto walifika Ndanda mwaka 1906, na hospitali yao imeendelea kuhudumia kusini yote. Daktari Leader Stirling alikuja mwaka 1935 na kujenga hospitali ya Lulindi kwa vifaa vilivyopatikana porini. Baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, kuanzia 1975 hadi 1980. Kazi ya UMCA iligharamiwa na michango ya waumini wa Uingereza, waliopata habari zake kupitia jarida la misheni, Central Africa, lililoanza kutolewa mwaka 1883. Kwa maneno ya leo, jarida lile lilikuwa taarifa ya utekelezaji kwa wafadhili: lilieleza kilichofanyika, kilichokwama na kinachohitajika.

Baada ya uhuru mfadhili mkuu wa Mtwara na Lindi alikuwa Ufini. Kuanzia miaka ya 1970 nchi hiyo iligharamia mpango mkuu wa maji wa mikoa hiyo miwili na uchimbaji wa visima, na mwaka 1988 ukaanza mradi wa maendeleo vijijini uliojulikana kwa kifupi RIPS. Maji yanastahili kutajwa katika makala ya afya, maana shida ya kwanza ya afya Newala ni maji. Uwanda wa Makonde uko juu, udongo wake hunywa mvua haraka, na chemchemi ziko chini kwenye mabonde. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alikuta wanawake wakishuka na kupanda miteremko mirefu kufuata maji. Katika miaka ya 1950 Shirika la Maji la Makonde lilianza kuyavuta kwa pampu na kuyauza kwenye vituo.

Historia ya maji hayo ina jambo ambalo mwombaji wa ruzuku wa leo hana budi kulielewa. Maji yaliuzwa wakati wa ukoloni. Baada ya Azimio la Arusha serikali iliamua kuyatoa bure vijijini. Wafadhili wakaleta mabomba na pampu, lakini gharama za mafuta, vipuri na mafundi hazikuwa na mlipaji wa kudumu. Sera ya Maji ya mwaka 1991 ikarudisha wajibu wa watumiaji kuchangia. Katika kipindi hicho chote mashine hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni jibu la swali la nani atalipa fundi siku mfadhili akiondoka. Swali hilohilo sasa limo katika karibu kila fomu ya maombi, chini ya kichwa cha habari "uendelevu", na waombaji wengi hulijibu kwa mstari mmoja usio na maana: "Jamii itaendeleza mradi." Mradi mkubwa wa sasa wa maji ya Makonde, kwa njia, haukujengwa kwa ruzuku. Ni miongoni mwa miradi ya miji 28 inayogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India.

Vyanzo vya ruzuku

Vyanzo hutofautiana kwa ukubwa na, muhimu zaidi, kwa umbali kati ya mtoaji na mpokeaji.

Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanzishwa mwaka 2002, hutoa fedha nyingi lakini haushughuliki na kikundi cha kata. Maombi ya nchi huandaliwa na kamati ya kitaifa yenye wajumbe wa serikali, wafadhili na asasi. Fedha hupokelewa na wapokeaji wakuu, kama Wizara ya Fedha kwa upande wa serikali na Amref kwa upande wa asasi, kisha hugawiwa kwa wapokeaji wadogo, ambao nao huweza kufanya kazi na vikundi vya wilayani. Kikundi cha Newala kinachotaka kushiriki hakiandiki barua Geneva. Kinatafuta kujua ni asasi gani iliyopewa mkoa wa Mtwara kwa kipindi husika, na kujitambulisha kwake mapema kabla ya bajeti kufungwa.

Taasisi ya Mkapa ni mfano wa kupanda ngazi hizo. Ilianzishwa mwaka 2006 na Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, kwa lengo la kupeleka watumishi wa afya wenye sifa katika wilaya za pembezoni, na ikapata fedha za Mfuko wa Dunia, zikiwemo za kujenga nyumba za watumishi karibu na vituo vya afya. Jina la mwanzilishi lilifungua milango, hilo halina ubishi. Lakini tatizo lililochaguliwa lilikuwa la kweli na linapimika: zahanati bila mganga ni jengo tu.

Karibu zaidi na wananchi kuna Foundation for Civil Society, iliyoanza kazi mwaka 2003 kwa fedha za nchi kadhaa wafadhili, na ambayo hutoa ruzuku kwa asasi za Kitanzania kwa kutangaza maombi. Uzito wake uko kwenye utawala bora, haki na ushiriki wa wananchi. Hivyo asasi ya afya huomba huko kwa ajili ya kufuatilia matumizi ya fedha za zahanati au kuzijengea uwezo kamati za vituo, na si kwa ajili ya kununua dawa. Katika UKIMWI kulikuwa na mfuko wa pamoja wa wafadhili, RFE, ulioanza mwaka 2002 na kusimamiwa na kampuni ya uhasibu ya Deloitte. Wengi walijifunza huko, kwa uchungu, maana ya kutunza stakabadhi.

Balozi zina mifuko midogo ambayo mara nyingi ndiyo inayofaa zaidi kwa kata. Japani, kwa mpango wake wa misaada ya ngazi ya chini unaoitwa Kusanone, hugharamia majengo na vifaa kama wodi, vyumba vya upasuaji, magari ya wagonjwa na visima, lakini hailipi mishahara wala gharama za kuendesha huduma. Kanada na Australia zimekuwa na mifuko ya namna hiyo, na Marekani ilikuwa na mfuko wa balozi wa kujitegemea, uliodai jamii ichangie nguvukazi au vifaa. Mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, unaosimamiwa na UNDP, ni wa mazingira, ila mradi wa majiko banifu au wa kulinda chanzo cha maji unaweza kuingia huko na kuwa na faida za afya.

Chanzo kimoja husahaulika kwa sababu kiko mlangoni. Halmashauri hupata ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, na kwa Newala na Masasi hiyo maana yake ni korosho. Mpango wa afya wa halmashauri huandaliwa kila mwaka, na zahanati hupokea sehemu ya fedha moja kwa moja katika akaunti zake tangu mwaka wa fedha 2017/18. Matumizi yake hupitishwa na kamati ya usimamizi ya kituo, yenye wajumbe wanaotoka katika jamii. Hizo si ruzuku kwa asasi. Lakini kikundi kinachojua kilichomo katika mpango huo hakitaomba nje kitu ambacho tayari kimetengewa fedha ndani, na mfadhili akiuliza kama halmashauri inauunga mkono mradi, jibu lipo kwenye karatasi.

Usajili

Mfadhili hawezi kuingia mkataba na watu kumi waliokutana chini ya mwembe, hata wawe na moyo mwema kiasi gani. Anahitaji chombo kinachotambuliwa na sheria, chenye katiba, viongozi waliochaguliwa na akaunti ya benki inayohitaji saini zaidi ya moja.

Kikundi cha jamii hujiandikisha halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii, njia iliyo rahisi zaidi. Asasi inayotaka kufanya kazi kubwa zaidi husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka muda wa cheti kuwa miaka 10. Shirika hulipa ada ya mwaka na kupeleka taarifa ya kazi na hesabu kwa Msajili kila mwaka. Kanuni za mwaka 2018 zinadai pia kwamba mkataba wa ruzuku unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe serikalini. Vyama vya kidini husajiliwa kwa sheria nyingine, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na bodi za wadhamini husajiliwa na RITA.

Asasi nyingi za wilayani hukwama hapa kuliko kwenye uandishi. Zilisajiliwa kwa shangwe, zikakosa mradi miaka mitatu, zikaacha kulipa ada na kupeleka taarifa. Tangazo la ruzuku linapotoka na siku 21 za kuomba, katibu huanza safari za Mtwara kutafuta kuhuishwa kwa cheti. Asasi isiyo na fedha yoyote bado inaweza kupeleka taarifa inayosema haikupata fedha, na karatasi hiyo ya ukurasa mmoja huilinda.

Andiko la mradi

Andiko la mradi ni hoja iliyoandikwa: tatizo ni hili, linawapata watu hawa, tutafanya hivi, kwa gharama hii, na tutajua tumefaulu kwa kipimo hiki. Kwa ruzuku ndogo kurasa tano hadi kumi hutosha.

Uchaguzi wa kipimo huhitaji uangalifu mkubwa, na Newala ina mfano mzuri. Taasisi ya Afya ya Ifakara na Chuo cha Usafi na Tiba za Tropiki cha London waliendesha utafiti uitwao INSIST katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, Newala ikiwemo, kwenye kata 132. Katika nusu hivi ya kata hizo watu wa kujitolea kutoka vijijini walimtembelea kila mjamzito mara tatu kabla ya kujifungua na mara mbili baada yake, wakizungumza naye kuhusu usafi, kunyonyesha na kumpa mtoto joto. Matokeo yalionyesha kwamba mwenendo wa kina mama nyumbani ulibadilika kweli: waliomnyonyesha mtoto maziwa ya mama tu waliongezeka na utunzaji wa kitovu uliboreka. Lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kwa kiasi kinachoonekana ukilinganisha na kata nyingine. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na uzazi wa shida na watoto njiti, na hao wanahitaji mkunga, vifaa na hospitali.

Ikiwa mradi wenye wataalamu, fedha na miaka kadhaa haukuweza kuonyesha kupungua kwa vifo kwa njia ya matembezi peke yake, kikundi cha kata kinachoahidi "kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa nusu katika miezi 12" kinajionyesha kuwa hakijui kazi yake. Kipimo cha kweli ni kile ambacho kikundi kinaweza kukisogeza na kukihesabu: wajawazito wangapi walihudhuria kliniki mara nne au zaidi, wangapi walijifungulia kituoni, wangapi walitembelewa ndani ya siku mbili. Takwimu za kuanzia zipo katika rejista za zahanati, na mganga mfawidhi huweza kuzitoa kwa idhini ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Mfadhili anayesoma "mwaka jana wanawake kadhaa wa kijiji hiki walijifungulia nyumbani" hana pa kushika. Akisoma idadi, tarehe na jina la rejista, anaendelea kusoma.

Mfano wa bajeti na kalenda

Chukua mfano wa kubuni wa kikundi cha wanawake katika kata ya Mkunya kinachotaka kuweka mfumo wa kuvuna maji ya mvua kwenye zahanati ya kijiji, ili chumba cha kujifungulia kisikose maji. Kinahitaji mifereji ya bati, tanki la lita 10,000, msingi wa zege, koki na fundi. Bei hukusanywa kwa maandishi kutoka maduka matatu, na nauli ya kusafirisha tanki hadi juu ya uwanda huingizwa, kwani gharama hiyo husahauliwa mara nyingi na ndiyo inayokula fedha za fundi. Mchango wa jamii huandikwa kwa thamani ya fedha: mchanga, kokoto, maji ya kuchanganyia zege na siku za kazi. Mchanga unaochotwa na wanakijiji una bei sokoni, na bei hiyo ni sehemu halali ya mchango.

Kisha kuna kalenda. Mvua za kusini ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo tanki lisilokamilika kufikia Novemba litasubiri mwaka mzima. Fedha taslimu za wanakijiji hupatikana wakati wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba. Kikundi kinachoahidi kuchangisha mwezi Machi, nyumba zikiwa zimebakiza muhogo, kinajitafutia aibu. Uamuzi wa mfadhili huweza kuchukua miezi sita au zaidi tangu maombi yapokelewe, hivyo maombi ya tanki hilo yanafaa kupelekwa mwanzoni mwa mwaka.

Upande wa uendelevu, andiko hili lina jibu jepesi kuliko mengi: tanki halihitaji dizeli. Bado koki huvunjika na mifereji huziba majani, na mtu wa kuisafisha kila Novemba lazima atajwe kwa cheo chake. Fedha za koki zinaweza kuingizwa katika mpango wa zahanati, na muhtasari wa kikao cha kamati kilichokubali jambo hilo huambatishwa. Kwa miradi ya majengo halmashauri hutakiwa kuthibitisha kwa barua kwamba italeta watumishi. Kusini, kama kwingineko Tanzania, kuna maboma ya zahanati yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi wakati wa mpango wa afya ya msingi wa 2007–2017, ambao ulilenga zahanati kila kijiji, yakaishia kwenye lenta. Mfadhili aliyewahi kuyaona huuliza habari ya barua kabla ya kuuliza habari ya bati.

Usimamizi na udanganyifu

Fedha zikishaingia, kazi ya mweka hazina ni kubwa kuliko ya mwenyekiti. Kila malipo huwa na hati ya malipo, stakabadhi na saini. Fedha za kipengele kimoja hazihamishiwi kingine bila idhini ya maandishi ya mfadhili, hata kama sababu ni njema. Bei ya saruji ikipanda, barua huandikwa kabla ya kununua. Taarifa ikichelewa, awamu ya pili ya fedha huchelewa, na jina la asasi hukumbukwa vibaya katika mzunguko unaofuata.

Matapeli nao wanajua njaa hii ya ruzuku. Hutuma ujumbe wa simu au barua pepe wenye nembo ya shirika kubwa, ukisema kikundi "kimechaguliwa" kupata mamilioni na kinatakiwa kutuma kwanza ada ya usajili. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya maombi, wala hampi ruzuku mtu ambaye hakuomba. Wapo pia waandishi wa kukodiwa wanaodai asilimia ya ruzuku itakayopatikana. Malipo hayo hayawezi kuonekana katika bajeti, hivyo huishia kufichwa ndani ya vipengele vingine, na mkaguzi wa hesabu akiyakuta ni viongozi wa kikundi watakaojibu. Msaada wa bure hupatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye kusaidia vikundi ni sehemu ya kazi yake.

Mabadiliko ya mwaka 2025

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilifungwa rasmi. Kwa Tanzania, ambako sehemu kubwa ya huduma za UKIMWI ilikuwa imetegemea fedha za Marekani kwa miaka 20 na zaidi, pigo la kwanza liliwafikia watumishi wa mikataba na watu wa kujitolea waliolipwa posho na miradi hiyo: waliofuatilia wagonjwa walioacha dawa, washauri nasaha, waingizaji wa takwimu. Asasi zilizokuwa na mfadhili mmoja zilibaki na ofisi na pikipiki. Zilizokuwa na ruzuku mbili au tatu ndogo kutoka sehemu tofauti zilipunguza kazi zikaendelea. Waombaji wa mifuko iliyobaki wameongezeka, na mifuko hiyo ina uwezo wa kuchagua zaidi kuliko zamani.